Macho ya Bibi Kabula

Vijana wangu wa dawati la burudani, siku ya kuniaga mlinisomea kwa sauti makala yangu moja ya zamani, kisha mkapiga makofi. Mlichagua ile ya picha ya mchawi wa Mkolani. Mkasema ndiyo iliyonipa jina. Nilitabasamu kwa sababu keki ilikuwa haijakatwa na mkurugenzi alikuwa ameshaanza kutazama saa. Lakini nilikasirika, na mpaka leo ninapoandika sijapoa. Mliniomba niwaachie chochote kuhusu miaka yangu ya kuhakiki filamu za kutisha. Basi nawaachia hiki. Habari za vyeo na mishahara naziruka, hazina uhondo.

Nilianza gazetini kama mpiga chapa. Ofisi ilikuwa Mirongo, Mwanza, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, ambapo magazeti ya watu binafsi yaliota kama uyoga na mengine yakafa kama uyoga. Deki za video zilikuwa zimeingia mjini pamoja na mitumba, na kila mtaa ulikuwa na banda lake: mabati, mabenchi, televisheni moja ndogo na jenereta inayokohoa nje. Mhariri wetu, Bwana Magesa, aliona watu wanavyojazana mle akataka ukurasa wa kuhakiki picha hizo za video. Mwandishi wa michezo akachukua picha za ngumi. Mwingine akachukua za Kihindi. Zikabaki za kutisha. Hakuna aliyezitaka, mmoja alikuwa mzee wa kanisa, mwingine alisema mke wake ni mjamzito.

"Veneranda," Magesa akaniita kutoka mezani kwake, "wewe Mkerewe huogopi mizimu, au vipi?"

"Naogopa kukosa kazi tu," nikamjibu.

Akacheka, akanipa daftari. Hivyo ndivyo nilivyopanda cheo, kama mnataka kujua.

Picha yangu ya kwanza ilitoka Mashariki ya Mbali. Ilisemwa kwa lugha ambayo hakuna bandani aliyeijua, na maandishi ya chini yalikuwa ya lugha nyingine ambayo pia hakuna aliyeijua. Nikaandika kwamba picha inatisha sana. Magesa akaisoma mara moja. "Inatisha wapi? Inatisha nani? Hata mwanangu wa darasa la pili angeandika hivi." Akanitupia karatasi, akaniambia niende kwa Mzee Shabani nikafundishwe.

Mzee Shabani alikuwa ameendesha mashine kwenye jumba la sinema la mjini tangu ujana wake mpaka jumba lilipogeuzwa ghala. Sasa alikuwa anakodisha kaseti kwenye kibanda chembamba karibu na mto Mirongo. Alivaa kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika bila kuinua macho, maana alikuwa amefungua deki na kusafisha kichwa kinachosoma kaseti kwa spiriti na kipande cha shati la pamba. Somo la kwanza likawa hilo. Kwa wiki mbili nilisafisha deki. Alisema mtu asiyejua mashine ataandika kwamba mwongozaji wa picha kaweka ukungu, kumbe ni uchafu.

Kisha akanifundisha kutazama. Kila picha mara mbili: mara ya kwanza pamoja na watu, mara ya pili peke yako bila sauti. Bila sauti, ngoma na mayowe haviwezi kukudanganya. Unaona tu kilichopigwa picha. Andika watazamaji wamepiga kelele wapi na wamecheka wapi, kwa sababu watu hucheka pale wanapoogopa kweli. Na usizidharau picha za watu wasio na pesa. "Mwenye pesa hununua zimwi," alisema. "Asiye na pesa inabidi afikiri."

Nilimpenda yule mzee. Kupitia kibanda chake nilitazama picha kutoka Italia, Meksiko, Ufilipino, baadaye na zile za Afrika Magharibi zilizoanza kuletwa na wafanyabiashara. Nyingi zilikuwa nakala ya nakala ya nakala, mpaka watu wote wamepauka na huwezi kujua nani mzimu na nani mwenye nyumba. Niliandika kuhusu watu wanne waliotengeneza picha ya saa nzima ndani ya lifti moja. Niliandika kuhusu mtoto aliyesikia mama yake aliyefariki akimwita kisimani, na hakuna kilichotokea, mtoto aliitika tu, na banda zima la Igoma likanyamaza. Wasomaji walianza kuleta barua. Wengine walinitukana, mwanamke mzima kuandika mashetani. Wengine waliuliza kaseti inapatikana wapi. Nikaanza kujiona bingwa. Hapo ndipo mtu huharibu kazi.

Kulikuwa na kijana wa Igoma anaitwa Faustine, mpiga picha za harusi. Alikuwa na kamera yake mwenyewe ya video na kipaji, siwezi kumnyima hilo. Alitengeneza picha ya kutisha, ya kwanza kwa ninavyojua kutengenezwa na mtu wa hapa kwetu, kwa Kiswahili, kwenye mawe na mihogo yetu ya Mkolani, nje kidogo ya mji. Ilihusu mchawi anayewanyausha watoto kwa kuwatazama. Nilienda kuitazama bandani siku ya Jumamosi mchana. Pamejaa mpaka mlangoni. Walipomwona bibi mchawi kwa mara ya kwanza, amekaa kwenye kizingiti, macho mekundu, anatazama moja kwa moja mahali fulani, watu walipiga ukelele mmoja. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu alinishika mkono na hatukuwa tunajuana.

Nilirudi ofisini nimewaka. Gazeti lilikuwa linafungwa jioni ile liende kuchapwa. Sikuitazama mara ya pili. Niliketi mbele ya taipureta na kuandika sentensi hizi mlizozipigia makofi: "Rangi haikutumika, hila haikutumika. Macho mekundu ya bibi yule yanatosha. Ukiyaona utaelewa kwa nini wazee wetu walifunga milango mapema."

Magesa akaweka kichwa cha habari: MCHAWI WA MKOLANI HUYU HAPA. Chini yake akaweka picha ya uso wa yule bibi, aliyoileta Faustine. Niliiona kabla haijaenda kiwandani. Nawaambia wazi, niliiona, na nilichofikiri ni kwamba ukurasa umependeza.

Mnajua nchi hii. Mnajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu anavyotazamwa kwetu, na mnajua wengine wamefanywa nini. Mimi pia nilijua. Nimezaliwa hapa, sikushuka na ndege. Kwa hiyo mtu asije kuniambia kwamba zamani zile hatukuwa na uelewa.

Jumanne ya wiki iliyofuata, asubuhi, mwanamke wa makamo alipanda ngazi zetu na gazeti limekunjwa kwapani. Alimsalimia kila mtu kwa zamu, kwa adabu, ndipo akauliza nani Veneranda. Nikasema ni mimi. Akalifungua gazeti mezani kwangu na kuweka kidole kwenye ule uso.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Anaitwa Kabula. Mimi ni Minza, binti yake. Jumapili wamepiga mawe bati lake. Jana wamemwambia wakimkuta tena watamchoma humo ndani. Nimemtoa na kanga moja. Nimekuja nikuone tu. Nilitaka nione mtu aliyeandika hivi ana sura gani."

Magesa alitoka chumbani kwake akasema, "Dada, ile ni hakiki ya filamu. Ni mchezo wa kuigiza."

"Mama yangu hajui kuigiza," Minza akasema. "Anajua kulima."

Alikunja gazeti lake, akashuka.

Nilimfuata mpaka barabarani nikamwomba anipeleke kwa mama yake. Akasema anarudi Sengerema kesho, nikitaka nije, yeye hanizuii. Tulivuka ziwa kwa kivuko. Bibi Kabula tulimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake, jikoni, akichochea moto wa samadi kavu na pumba za mpunga. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuweza kuingia. Yeye alikuwa ndani humo, amechuchumaa, kama alivyochuchumaa jikoni kila siku tangu alipoolewa. Basi hayo ndiyo yalikuwa macho yenyewe. Kila mwanamke wa Usukumani anajua macho hayo yanatoka wapi. Hata mama yangu alikuwa nayo.

"Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kisukuma changu kibovu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa gazeti?"

"Ndiye mimi, bibi. Nimekuja kukuomba radhi."

Alinionyesha kigoda, akanisimulia. Faustine alikuja kwake na wenzake wawili, wakamwambia wanatengeneza picha ya maisha ya wazee. Walimpa sukari. Walimwambia akae tu mlangoni kama kawaida yake. Walikaa nusu siku, wakaondoka, na hakuwaona tena. Hakuwahi kuitazama hiyo picha. Alichojua ni kwamba watu waliokuwa wakimwamkia walianza kuvuka njia.

"Uliniona nikimloga mtu?" akaniuliza.

"Hapana, bibi."

"Ulikuja kwangu kuniuliza kabla hujaandika?"

"Hapana."

"Mkolani na mjini ni mbali?"

Nikasema si mbali. Akageukia chungu chake.

Nilirudi Mwanza nikaenda moja kwa moja Igoma. Faustine alikuwa studio kwake, anaunganisha harusi ya mtu. Nilimwambia yaliyompata yule bibi. Akasikitika kidogo, kama mtu anayesikia mvua imenyesha mahali pengine.

"Lakini mama, wewe mwenyewe uliandika kwamba yale macho ndiyo picha," akasema. "Ni sanaa. Ukitaka kutisha, utumie kitu ambacho watu tayari wanakiogopa."

Nilimtukana. Sitarudia matusi hapa, mhariri wenu atayakata. Lakini kilichoniuma njiani ni kwamba lile neno la kutumia kinachoogopwa tayari alikuwa amelisoma kwangu, katika makala yangu ya mwaka mmoja nyuma.

Niliandika hakiki mpya, nikaeleza kila kitu. Magesa alikataa kuichapa. Alisema gazeti halihakiki picha moja mara mbili, na isitoshe Faustine ameleta matangazo. Badala yake alichapa mistari mitatu chini ya tangazo la dawa ya mbu: gazeti linasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Usumbufu! Bati kupigwa mawe na mtu kutishiwa moto ni usumbufu, kama maji kukatika. Tangu siku ile neno hilo silitumii hata kwa foleni ya benki.

Nikaenda kwa Mzee Shabani, nikidhani atanifariji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliitazama mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja."

"Na sauti?"

"Na sauti, mzee. Gazeti lilikuwa linafungwa."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi nilikufundisha kazi," akasema, "hukunisikia." Kisha akanipa mgongo na kuanza kupanga kaseti. Hakuna aliyewahi kunikemea vikali zaidi ya hapo.

Mwezi haujaisha, Minza akaja tena ofisini. Safari hii hakuleta gazeti. Alikuwa amepita Mkolani kuchukua vyombo vya mama yake akakuta mlango una kufuli jipya. Ngassa, mtoto wa kaka wa marehemu baba yake, alikuwa ameshaweka mpangaji ndani na kulima mpaka uani. Alipomuuliza, Ngassa akasema ukoo umeamua, mchawi hawezi kukaa kwenye ardhi ya ukoo. Minza akauliza majirani nani alirusha jiwe la kwanza. Wawili wakamwambia pembeni, kwa sauti ya chini, jina ni hilohilo.

Nikaelewa. Kwa miaka mingi yule mtu alikuwa akikitamani kiwanja na hakuwa na sababu. Faustine akampa sababu, na mimi nikaiandika kwa Kiswahili kizuri. Nilikuwa nimehakiki mashetani wa nchi saba, na huyu wa Mkolani, mwenye jembe na kufuli, alinipita mbele ya pua.

"Twende baraza la kata," nikamwambia Minza. "Nitakuwa shahidi."

Wazee wa baraza walituchekelea kidogo walipopokea barua yangu, kwamba mhakiki wa filamu anaomba kuonyesha filamu mbele ya baraza. Lakini mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzito, alikubali. Siku ya shauri Mzee Shabani alikuja mwenyewe na televisheni na deki kwenye mkokoteni, na jenereta ya kuazima. Hakuwa amesema nami tangu siku ile. Alinisalimia kwa kichwa, akaunganisha nyaya. Wana-Mkolani walijaa madirishani. Bibi Kabula alikaa mbele, kanga mbili safi, fimbo kati ya magoti.

Ngassa alisema maneno yake kwanza. Alisema kila mtu ameona kwenye video, na gazeti limethibitisha. Akalinyanyua gazeti juu. Makala yangu, mkononi mwake, ushahidi namba moja.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, hii uliandika wewe?"

"Niliandika mimi. Niliandika uongo, kwa sababu sikutazama vizuri. Naomba tutazame sasa."

Tukaiwasha, sauti tumeizima. Kila bibi alipotokea, Mzee Shabani aliisimamisha. Nikawaonyesha wazee: mtoto anayenyauka ni kijana wa Igoma aliyepakwa unga, na hayupo pamoja na bibi katika picha hata moja. Bibi anatazama, kisha mtoto anaanguka. Lakini hapa kivuli cha mlango kiko kulia, na kwa mtoto kivuli kiko kushoto, maana moja ilipigwa asubuhi na nyingine jioni. Nikawaonyesha kwamba ule mtazamo wa kutisha, uliowapigisha watu ukelele, ni kipande kimoja tu kimetumika mara nne. Tazameni nzi kwenye kizingiti. Ni yuleyule, anatembea vilevile, mara nne.

Mzee mmoja wa baraza akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Kweli," akasema. "Nzi ni mmoja."

Mwenyekiti akamuuliza bibi, "Hapo ulikuwa unatazama nini?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kujiona. Alijitazama bila woga. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Kuku wangu! Yule kijana wa pili alikuwa amemkanyaga kifaranga. Nilikuwa namtazama yeye, mjinga yule. Wala hakusema pole."

Madirishani wakacheka. Kicheko kilianza kwa wanawake, kikaenea, na mimi nilikasirika kuliko siku zote, kwa sababu wengi wao ndio walikuwa wamesimama wakitazama mawe yakirushwa. Niliwageukia nikaanza kusema. Mzee Shabani akanishika kiwiko. "Acha," akasema. "Leo si siku yako."

Baraza lilitoka nje likarudi. Nyumba na kiwanja ni vya Kabula, aliachiwa na mumewe, na watu wapo walioshuhudia. Mpangaji atoke. Kisha mwenyekiti akalainisha sauti, kama wafanyavyo wanaume wanapotaka shauri liishe vizuri.

"Bibi, huyu Ngassa ni mtoto wako. Ukoo ni mmoja. Amepotoka, na vijana hupotoka. Mbele yetu hapa, tunaomba mpeane mikono msameheane, tuondoke na amani."

Ngassa alikuwa ameshainuka, amenyoosha mkono, uso ameuinamisha kwa unyenyekevu. Watu madirishani walianza kuguna kwa kuridhika. Hata mwanaye Minza alimtazama kama anayemsihi.

Bibi Kabula alijiinua kwa fimbo yake taratibu. Akamtazama Ngassa kwa macho yaleyale, na safari hii hapakuwa na kamera.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi sikuvuka ziwa kuja kusamehe. Nimekuja kuchukua ufunguo."

Akafungua kiganja na kukishika hewani. Kiganja hakikushuka, mpaka Ngassa aliporudisha mkono wake wa amani, akautia mfukoni, na kuutoa na ufunguo.